Barakoa Yangu Usoni pa Krastan

Jino la Krastan lilianguka kwenye matope meusi ya makaa ya mawe, na mimi niliyelivunja sikuliona likianguka. Nilichokiona ni weupe. Weupe kama wa maziwa, kutoka kwenye nyusi hadi puani, na katikati yake kivuli cha mtu mkubwa akinijia kupitia mlango wa banda la kuoshea makaa. Nikabana triga mpaka kivuli kikapiga magoti. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba kivuli kile kilikuwa kimeinua mkono, na mkononi kilikuwa na kitambaa chekundu.

Kwetu kitambaa chekundu ndiyo sheria yote. Bunduki zetu ni za hewa, risasi zetu ni vidonge vya plastiki vidogo kuliko punje ya njegere, na hakuna mashine inayohesabu nani kapigwa. Ukipigwa unasema mwenyewe. Unatoa kitambaa, unakiinua, umekufa, unatembea hadi kwenye pipa la moto kula maharage ya bai Metodi, ndivyo tunavyomwita mzee wetu, na kungoja raundi nyingine. Wapo wanaopigwa wakanyamaza. Hao ni waongo, tunawatania na kuendelea kucheza nao. Lakini mtu anayempiga maiti hataniwi. Watu humwachia nafasi kwenye benchi, pande zote mbili.

Mimi nilimpiga maiti risasi kumi na tano, kwa hatua nne, shingoni na mdomoni.

Krastan anaendesha lori la kokoto na ana kilo mia na kumi. Aliinuka, akatema damu, akanirukia. Ngumi yake ya kwanza ilinipata sikioni na dunia ikalia kama kengele. Nami nikampa kichwa, na kofia yangu ngumu ikakutana na pua yake. Tukaviringika kwenye tope la makaa, yeye akinisaka koo, mimi nikimpiga mbavuni kwa goti, hadi watu sita wakatung'oa. Yavor, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, alikula kiwiko akituamua, na mpaka leo pua yake imeegemea kushoto kama mlevi kwenye nguzo.

Nilisema ukweli papo hapo. Nilisema miwani ya barakoa yangu iliingia ukungu, sikuona kitambaa, sikuona hata mkono. Wakacheka. Krastan hakucheka, maana mdomo ulikuwa umejaa damu.

"Wote tunapumua, Galin," alisema. "Mimi pia napumua. Ila mimi sipigi maiti."

Bai Metodi ndiye mwenye uwanja. Ujana wake wote aliutumia humohumo ndani, akitengeneza mikanda ya kusafirisha makaa wakati kiwanda kingali hai, na kiwanda kilipokufa yeye akabaki nacho kama mtu anavyobaki na mbwa mzee. Ana desturi yake anayoiita ukuta. Aliyemkosea mwenzake kwa kujua anavua koti, anaegemea ukuta wa matofali nyuma ya banda, na aliyekosewa anampiga risasi tatu za mgongo kwa hatua kumi. Halafu wanakula sahani moja na neno limekwisha. Akaninyooshea kidole upande wa ukuta.

Nikakataa. Si kwa sababu ya maumivu. Kila siku nalala chini ya magari ya watu kwenye karakana ya matairi, spana zinanidondokea kifuani, nayajua maumivu kwa jina. Nilikataa kwa sababu anayesimama ukutani anakiri kwamba alijua, na mimi sikujua. Bai Metodi akanipa Jumapili mbili. Ama ukuta, ama nilete ushahidi wa huo ukungu wangu, ama nisikanyage tena pale.

Mji wetu ni mdogo na neno lina miguu. Jumanne mteja alishusha gurudumu lake akaniuliza kama ni mimi yule anayepiga maiti. Alhamisi mama alirudi kutoka kwa muuza mikate akiwa ameuma midomo, akaweka mkate mezani bila kuukata. Sikuwa na kitu kingine duniani isipokuwa jina langu, na sasa lilikuwa linapita mitaani bila mimi, limevaa nguo za mtu mwingine.

Basi nikautangazia ukungu vita.

Barakoa ile niliitengeneza mwenyewe, au tuseme nusu yake. Kioo cha dukani kilikuwa kimekwaruzika, nikakitupa, nikakata kingine kwenye plastiki ngumu angavu iliyobaki kutoka kwenye bango la karakana. Niliipasha moto jikoni kwa mama, nikaikunja kwenye goti ifuate mviringo wa uso, nikaikaza kwa skrubu sita. Kisha nikaiweka juu ya gogo nikaipiga kwa hatua mbili, mara kumi. Haikupata hata alama. Nilipenda kile kioo kuliko kitu chochote mikono yangu ilichowahi kutengeneza. Kasoro yake ilikuwa moja tu: ukipanda ngazi mbili ukahema, kinakuwa kama dirisha la jikoni wakati kabichi inachemka.

Nilianza na mate, kama wapiga mbizi. Yalishika kwa dakika tatu. Nikapaka kiazi kibichi, nikanuka kiazi na bado sikuona. Nikapaka povu la kunyolea, likanichoma macho hadi nikalia mbele ya Yavor, naye akasema sasa ushahidi umepatikana, Galin ana moyo. Yeye mwenyewe hutumia tone la sabuni ya vyombo, anasugua kwa kidole hadi lipotee, wala hasuuzi. Nikamwambia mimi sioshi sahani. Ndivyo nilivyosema, na maneno hayo yananirudia hadi leo kila ninapoona sinki.

Halafu nikamwendea babu Nayden. Kwa babu yangu hakuna magonjwa duniani, kuna watu waliokosa rakia tu, pombe yetu kali ya matunda. Anaipika mwenyewe kwa plamu za bustani yake, anaichuja mara mbili, na ukiwasha kijiko chake unapata mwali wa buluu unaoweza kusomea gazeti. Anaipaka magotini, anasukutua jino bovu, ameshaimimina hata kwenye sikio la punda. Nikamuuliza kama inafaa kwa kioo. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama maji yanafaa kwa samaki.

Kila jioni, siku tisa, nililowanisha kitambaa kwa rakia ya babu nikaifuta plastiki ile ndani na nje, na kwenye kona penye skrubu niliiacha inywe. Iling'aa. Niliivaa juu ya sufuria ya mama inayotokota, nikahesabu hadi sitini kabla weupe haujarudi. Nikaongeza rakia. Sikumuuliza mtu mwingine, kwa sababu anayejua hana haja ya kuuliza, na mimi nilijua.

Jumamosi ya pili nikaelewa kwamba hata nikiushinda ukungu nitakuwa sijathibitisha kitu. Ukungu hauelezwi. Ukungu unavaliwa. Nikaenda hadi machimbo ya kokoto, nikamkuta Krastan amekaa kwenye ngazi ya lori akila pilipili za kukaanga kwa upande mmoja wa mdomo. Nikamwambia kesho avae barakoa yangu raundi moja, nami nivae yake. Akimaliza raundi bila kumkosea mtu, nitasimama ukutani. Si kwa tatu. Kwa kumi.

"Kumi," alisema, na herufi zikapiga mluzi kwenye pengo la jino. "Na koti?"

"Bila koti. Bila shati."

"Lete hiyo barakoa yako, ndugu yangu," alisema, akarudi kwenye pilipili zake.

Asubuhi ya Jumapili niliiosha kwa maji matupu, ili asije mtu kusema nimeipaka dawa au nimeipaka sumu. Nilipoinua kioo dirishani niliona nyuzi. Nyembamba mno, zikitoka kwenye kila skrubu kama miguu ya buibui. Nikapitisha ukucha. Nikasema moyoni ni mikwaruzo ya kiazi. Kioo changu, kazi yangu, kilichokula risasi kumi kwa hatua mbili bila alama. Nikakifunga ndani ya taulo nikaenda zangu.

Mvua ilikuwa ikinyesha, ile ya Novemba isiyo na haraka, na banda la kuoshea makaa lilipiga kelele kwa mabati yake yote. Krastan aliivaa barakoa yangu mbele ya watu, akatikisa kichwa kuonyesha imekaa, akanitolea ulimi kupitia wavu wa mdomoni. Mimi nikavaa yake. Ilikuwa na kifeni kidogo kwenye paji la uso, kikinung'unika kama nyuki, na mbele yangu dunia ilikuwa safi kama maji ya kisima. Nikaelewa kwa nini hakuniamini siku ile. Hakuwahi kuuona ukungu maishani mwake.

Bai Metodi alipanda ngazi ya chuma ili aone kila kitu. Akapuliza kipenga.

Tulipigana vibaya. Watu wa Krastan walitushambulia kutoka kwenye mitaro ya maji, wakitukata miguuni, na katika dakika tano wenzangu watatu walikuwa wamekwenda kwenye pipa la moto wakichechemea. Mimi na Yavor tulishika ghorofa ya juu. Nilimpiga mmoja kifuani, mwingine kwenye vidole vya mkono, akaachia bunduki akimtaja mama yangu. Krastan akaamua kutufuata. Nilimsikia kabla ya kumwona: buti zake kwenye ngazi, pumzi yake nzito, kilo mia na kumi zikipanda ghorofa mbili kwa mbio. Alipotokea juu, barakoa yangu ilikuwa nyeupe usoni pake kama sahani.

Alisimama. Akageuza kichwa kushoto, kulia, akapapasa hewani. Akakanyaga bomba, akayumba, akajigonga uso kwenye boriti ya chuma kwa kishindo. Hapo akashikwa na wazimu ninaoujua mimi peke yangu kati ya watu wote waliokuwepo. Alifyatua kwenye nguzo. Alifyatua kwenye mabati, kwenye matone ya mvua, kwenye mwangwi wa bunduki yake mwenyewe.

Zhivko, shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa amepigwa na Yavor kwenye bega. Aliinua kitambaa chekundu juu kabisa, mkono umenyooka, akaanza kushuka akipita mbele ya Krastan. Krastan akasikia nyayo. Akageuka, akamtwanga. Nusu ya magazini, kwa hatua tatu, sikioni na shavuni. Zhivko alianguka chini akimwita kwa jina, na Krastan aliendelea kupiga mahali sauti inakotoka, na damu ya sikio ikatiririka hadi kwenye kola, na kitambaa chekundu kikalala kwenye tope bila mtu.

Sitadanganya. Nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa pingu. Nilitazama juu na kumwona bai Metodi kwenye ngazi yake, ameona yote, mkono umeganda kwenye kipenga. Nikasema moyoni: haya, sasa nani anapiga maiti?

Ndipo Krastan akageuka upande wangu, na mwanga wa tundu la paa ukamwangukia usoni, nikaona kioo changu. Nyuzi zile hazikuwa mikwaruzo. Zilikuwa zimekimbia kutoka kwenye skrubu zote sita na kukutana katikati, na kwenye kona ya kushoto, pale nilipoiacha inywe, kipande kizima kama ukucha kilikuwa kimeshadondoka. Nyuma ya tundu lile nililiona jicho lake, limetoka, linatafuta.

Na Yavor, ambaye hakuona hayo, alikuwa akimlenga kichwani.

Kuna neno moja uwanjani kwetu linalosimamisha kila kitu. Nikalipaza kwa nguvu zote: "Macho!" Nikalirudia. Mabati na mvua na bunduki vikalimeza. Nikatupa bunduki yangu nikakimbia.

Yeye aliona kivuli. Alinimiminia magazini iliyobaki, kifuani, kooni, kwenye mfupa wa kidole, kila risasi kama nyigu mwenye chuki. Zilipoisha akageuza bunduki na kunipiga kitako kwenye mtulinga, nikasikia kitu kikilia ndani kama ukuni mkavu. Nikamfikia hata hivyo. Nikambandika kiganja juu ya macho, nikamtia ngwala, tukaanguka wote wawili, mimi juu. Alidhani nataka kumng'oa uso. Nami ningedhani hivyo. Akanipiga goti tumboni, akaniuma mkono kwa meno yaliyomsalia, akanichapa ngumi tatu mahali palepale pa mtulinga, na kila alivyonipiga nilizidi kukandamiza kiganja.

Risasi za Yavor zilitua juu ya mkono wangu. Moja, mbili, nne. Kucha mbili ziligeuka nyeusi palepale. Chini ya kiganja kioo kikakubali kishindo na kuvunjika, nikahisi vipande vikiniingia nyamani, na chini ya vipande, kope za Krastan zikipepea kama nondo. Damu yangu ikamwingia machoni. Akadhani ni jicho lake linalomwagika. Kilio alichopiga sijawahi kukisikia kwa mwanamume wala kwa mnyama, na hicho ndicho kilichosimamisha bunduki zote.

Waliniondoa juu yake kwa mateke. La Zhivko lilikuwa la mbavuni, alilipiga kwa moyo wake wote, akiwa ameshika sikio lake kwa mkono mmoja. Bai Metodi alimwaga chupa nzima ya maji usoni kwa Krastan, akamfungua kope kwa vidole, kushoto, kulia. Macho yote mawili yalikuwepo, mekundu, mazima. Kisha akaokota kipande cha plastiki kwenye tope, akakiinua kwenye mwanga, akakivunja kwa vidole viwili kama biskuti.

"Hii umeiosha kwa kitu gani?" aliniuliza.

"Rakia."

"Ya Nayden?"

"Ya babu, ndiyo. Siku tisa."

Akavitupa vipande topeni. Akasema plastiki ya namna hii ukiikunja kwa moto inabaki na hasira ndani, na pombe huila palepale penye hasira. Hata ngao za mashine humu ndani walikatazwa kuzifuta kwa spiriti. Mtu yeyote aliyefanya kazi kiwandani angeniambia, alisema, kama ningeuliza.

Kulikuwa na mvua tu. Kisha Krastan akajifuta uso, akatazama sikio la Zhivko, akatazama chini. Sheria ni kwamba ukipigwa unasema mwenyewe, naye akasema mwenyewe, bila kusukumwa na mtu.

"Nimempiga maiti," alisema. "Sikuona. Ni kama alivyosema huyu. Huoni kitu."

Basi. Jina langu lilirudi nyumbani, mbele ya watu ishirini. Yavor alinishika bega lisiloumia, akasema twende tukale, tumeshinda. Zhivko akauliza kama ina maana sikio lake halina wa kulijibia, na Krastan akamwambia nyamaza, shemeji, hukusikia kwamba sikuona? Zhivko akajibu kwamba ni kweli hakusikia, upande ule hausikii kabisa. Wengine wakacheka. Krastan akamuuliza Yavor yeye anapaka nini kwenye miwani yake. Yavor akamwambia: sabuni ya vyombo, tone moja, unasugua hadi lipotee. Krastan akageuza kichwa taratibu na kunitazama.

Sikwenda kwenye maharage. Nilivua koti kwa mkono mmoja, kisha sweta, kisha shati, nikatembea hadi nyuma ya banda. Matofali yalikuwa ya baridi na yananuka makaa. Bai Metodi alinifuata akisema sina kesi, ushahidi umeletwa, nivae kabla sijapata kichomi. Nikamwambia kesi ya kitambaa ndiyo sina, wala sikuwahi kuwa nayo. Lakini asubuhi niliziona nyuzi kwenye kioo changu, na kwa kuwa ni kazi ya mikono yangu nikaziita mikwaruzo, nikamvisha mtu. Hilo nililijua. Hilo ni la ukutani.

"Nilikuahidi kumi, si tatu," nilimwambia Krastan, maana alikuwa ameshafika, nilizisikia buti zake. "Ni kumi."

Hakunikatalia. Angenikatalia ningemchukia hadi kaburini. Alihesabu hatua zake kwa sauti, akajaza magazini, na nikasikia akipumua kwa mdomo, kupitia pengo la jino.

Ya kwanza ilinipata kushoto kwa uti wa mgongo. Ya pili ilitua juu ya ya kwanza. Huyu mtu aliyekuwa akifyatua mvua dakika kumi zilizopita sasa alikuwa akipigilia msumari, risasi juu ya risasi, mahali pasipozidi upana wa sarafu. Kwa ya nne ngozi ilifunguka. Kwa ya sita niliuma tofali. Ya saba, ya nane. Hakuharakisha na hakuchelewesha. Kwa ya tisa damu ilishuka ya moto hadi kwenye mkanda, na kila kitu mbele yangu, tofali, chokaa, mstari wa kutu, nilikiona wazi kabisa.

"Kumi," alisema Krastan baada ya ya mwisho. Akaokota shati langu kwenye majani, akalikung'uta maji. "Vaa. Maharage yanapoa."